Je, Jiji la Tanga lisitishe kwa muda vibali vya majengo ya biashara katikati ya mji?

Mkazi wa Ngamiani

Ndugu zangu wa Tanga, naomba maoni yenu. Tangu ujenzi wa bomba la mafuta ghafi, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani hapa Tanga, uanze kuzungumzwa, madalali hawaishi kubisha hodi katika barabara zetu za namba. Nyumba ya vyumba sita, yenye baraza mbele na uani nyuma, inanunuliwa na kubomolewa, na mahali pake inainuka ghorofa yenye fremu za maduka. Je, Halmashauri ya Jiji inaweza kisheria kusimamisha vibali vya majengo ya aina hiyo kwa miezi kadhaa, mpaka mpango wa eneo la kati upitiwe upya? Na kama inaweza, je, ni busara kufanya hivyo?

Mstaafu wa mipango miji

Mwanangu, uwezo upo, ila una mipaka yake. Kwa Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007, halmashauri ndiyo mamlaka ya upangaji, na hakuna anayeruhusiwa kuendeleza ardhi ndani ya eneo la mipango bila idhini yake. Hata hivyo, kukataa ombi moja kwa sababu za kimipango ni tofauti na kufunga eneo zima, na ndiyo maana ningependa jambo hili lijadiliwe kwanza kwenye Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, kisha lifike Baraza la Madiwani, na likihitaji adhabu litungiwe sheria ndogo, ambayo nayo lazima ipate idhini ya waziri. Mwenye kibali halali asiguswe. Akizuiwa atakwenda mahakamani, na sioni jinsi jiji litakavyojitetea.

Mimi naunga mkono, kwa sharti kwamba muda huo utumike kuorodhesha majengo. Wengi hudhani kwamba nyumba za zamani zinalindwa kwa sababu ni za zamani. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, ilhali sehemu kubwa ya mji wetu ilijengwa baada ya Wajerumani kuanza reli hapa mwaka 1893. Kwa hiyo jengo la Kijerumani, au duka la zamani lenye nguzo barazani, linahitaji kutangazwa rasmi ndipo lilindwe, na halitatangazwa kama hakuna aliyeliandika, kulipima na kulipiga picha. Vibali vikisitishwa mwaka mzima na kazi hiyo isifanyike, tutakuwa tumewachelewesha watu bure.

Mwenye duka, Barabara ya 8

Shikamoo mzee. Nimekusoma kwa makini, na bado naogopa. Sisi wa nyumba za mirathi tuna shida ambayo haionekani kwenye ramani: warithi tisa, paa linavuja, na hakuna mmoja mwenye fedha za kulikarabati. Kuuza ndiyo njia pekee ya kugawana bila ugomvi. Mkisimamisha vibali, bei itaanguka, na mwenye haraka atajenga usiku bila kibali wala mkaguzi.

Mzaliwa wa Chumbageni, sasa Dar es Salaam

Hofu ya dada yangu ni ya kweli, lakini nami nina yangu. Machi 2013 ghorofa iliyokuwa ikijengwa mtaa wa Indira Gandhi hapa Dar es Salaam iliporomoka na kuua watu 36. Sitaki nyumbani kwetu tuongeze ghorofa kuliko wakaguzi tulio nao.

Mkazi wa Ngamiani

Marahaba kwa michango yenu, na ahsante sana mzee wangu kwa ufafanuzi wa mwaka 1863, kwani sikuwahi kuujua. Baada ya kuwasoma nimebadilisha ombi langu. Nitamwomba diwani wetu apeleke hoja inayohusu ubomoaji wa nyumba zilizopo na ghorofa mpya za biashara peke yake, kwa miezi sita, huku ukarabati na maduka ya chini yakiendelea kupata vibali kama kawaida. Na kwa ajili ya nyumba za mirathi, nitaomba wathamini wa jiji wazifikie kwanza katika uorodheshaji, ili familia zijue mapema kama nyumba yao imo au haimo. Mzee, ukiwa na nafasi, naomba unisaidie kuandika barua hiyo kabla ya kikao kijacho cha kata.