Nimempita kaka yangu umri na sauti yake naanza kuisahau, hii ni kawaida?

mdogo_wake

Habari zenu wakuu. Kuna jambo linanikaa moyoni nimeona niliweke hapa maana nyumbani nikiligusa tu watu wananyamaza, au mama anaanza kulia halafu naona bora ningekaa kimya.

Kaka yangu alifariki 2013 akiwa na miaka 34. Mimi nilikuwa nyuma yake sana kiumri, yeye ndo alinifundisha baiskeli, ndo alikuwa anasaini ripoti zangu za shule baba akiwa safarini, na alipofariki nilikuwa namalizia chuo. Mwezi ujao natimiza 35. Najua ni hesabu tu ila tangu niipige sina amani, yaani maisha yangu yote yeye ndo alikuwa anafika kwenye kila umri kwanza, mimi naangalia alivyopita halafu nafuata. Sasa huku ninakoenda yeye hajawahi kufika.

Halafu kuna hili la sauti ambalo ndo linaniumiza zaidi. Sura naikumbuka, picha zipo. Maneno yake pia nayakumbuka, hata vile alivyokuwa anakatisha jina langu akiwa ananiita toka nje, lakini nikijaribu kumsikia kichwani simsikii. Nasikia kama mimi mwenyewe ndo nasoma maneno yake. Nimezima taa nikakaa kimya nikasubiri, hakuna kitu.

Na dunia imeenda sana jamani. Hajui corona ni nini. Mwanangu hajamuona, anamuonyesha kwenye picha anauliza huyu nani. Kwenye picha yenyewe kashika simu ya vibonyezo, ukiiangalia unaona kabisa ni zamani, na kwangu mimi ilikuwa juzi.

Naomba kuuliza walionitangulia kwenye hili, kusahau sauti ndo dalili kwamba nimeanza kumsahau mwenyewe? Na hivi miaka yote hii kweli nilitakiwa niwe nimeshapoa?

Bahari_Tulivu

Pole sana dada yangu. Hilo la umri mimi nimelipitia kwa mama, alifariki akiwa na 41 nami nilikuwa mtoto wa miaka 12. Nilipokaribia hiyo 41 hali ilikuwa mbaya, kila nikiumwa kichwa najua ndo zamu yangu, nikawa naenda kupima moyo, presha, sukari, vyote viko sawa na bado siamini. Daktari mmoja mtu mzima akaniuliza mzazi wako alifariki na miaka mingapi, nikamwambia, akasema watu wengi waliofiwa na mzazi mapema wanakuja na hofu ya aina hiyo wakifika umri uleule. Kujua tu kwamba siko peke yangu kulinisaidia kuliko vile vipimo.

Ila nataka nikuambie kilichofuata maana hicho hakuna aliyeniambia. Siku ya kuzaliwa ikapita, nikawa mkubwa kuliko mama. Hapo ndo nikaanza kumuona upya. Utotoni mama mwenye 41 alikuwa mtu mzima aliyejua kila kitu, na kuna mambo alifanya nilikaa nayo moyoni miaka mingi, kwa nini alinipeleka kukaa kwa shangazi, kwa nini alikuwa mkali vile. Nilipofika mwenyewe nikaona kumbe alikuwa msichana tu bado anajitafuta, ana madeni, ana ugonjwa, ana watoto, na hana wa kumuuliza. Nikamhurumia kwa namna ambayo mtoto hawezi kumhurumia mzazi. Kwahiyo mimi mama nimeendelea kumfahamu baada ya kufa kwake, na nadhani na wewe kaka yako utamfahamu zaidi ukishaipita hiyo 34, utajua alivyokuwa kijana mdogo aliyejitwisha kukulea.

kalamu_nyeusi

Pole mleta mada. Naongelea sauti tu.

Kumbukumbu haikai kichwani kama rekodi iliyotunzwa ambayo unaibonyeza inapiga. Kila ukikumbuka, ubongo unaijenga upya kwa vipande ulivyonavyo, na ndo maana mambo yanabadilika kidogo kidogo kadiri unavyoyarudia. Picha za kaka umekuwa ukiziangalia miaka yote, kwahiyo sura imepata chakula kila mara. Sauti haijapata. Haina uhusiano na kiasi unachompenda.

La pili, na hili naomba ulishike: kukumbuka na kutambua ni vitu viwili tofauti. Kuita sauti kichwani toka patupu ni kazi ngumu hata kwa watu walio hai, jaribu sasa hivi kumsikia mwalimu wako wa darasa la saba. Lakini kutambua ni rahisi zaidi. Kukishindikana kuita haimaanishi imefutika, inawezekana kabisa leo akiongea chumba cha pili ungeruka kwenye kiti.

Kwahiyo tafuta rekodi. Usitafute kwako tu, nenda kwa watu. Video za harusi, za mahafali, za sherehe ambazo yeye hakuwa mhusika, unamkuta kwa nyuma anacheka. Waulize marafiki zake wa kazini na wa chuo, waulize nani alirekodi nini. Na fanya mapema, memori kadi na flashi zikikaa miaka bila kuguswa zinaweza kupoteza vilivyomo, na CD nazo zinaharibika. Chochote utakachopata nakili sehemu mbili tofauti siku hiyohiyo.

Harufu pia usiidharau. Njia ya harufu kwenye ubongo iko jirani sana na sehemu za hisia na kumbukumbu. Kama kuna shati lake limefungiwa mahali, jiandae kabla hujalifungua.

Mzee_wa_Hoja

Mimi naona mnamchochea binti wa watu. Miaka imepita mingi, marehemu aachwe apumzike. Huzuni ina hatua tano, tulifundishwa, ya mwisho ni kukubali, na ukiona mtu miaka yote hii anakaa gizani anatafuta sauti ujue kuna hatua amekwama. Binti, kubali, lea mtoto, maisha yasonge.

nesi_wa_zamu

Shikamoo mzee wangu. Naomba nipishane na wewe kwa heshima, maana hizo hatua tano zimewaumiza watu wengi bila sababu.

Aliyeziandika ni daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969, na alizitoa kwa kuongea na wagonjwa waliokuwa wanaelekea kufa wao wenyewe. Baadaye ndo zikahamishiwa kwa wafiwa na watu wakaanza kuzipanga kama madarasa, ukimaliza la kwanza unapanda la pili. Wafiwa hawaendi hivyo. Unaweza kukubali Jumatatu na Alhamisi ukawa na hasira.

Na hii ya kwamba kazi ya mfiwa ni kumuacha marehemu ina historia yake. Sigmund Freud, yule daktari maarufu wa mambo ya akili, mwaka 1917 aliandika kwamba maombolezo ni kuuondoa moyo taratibu kwa aliyekufa ili uweze kupenda kwingine. Miaka mitatu baadaye binti yake Sophie akafariki kwa homa ya mafua (influenza). Aprili 1929 Freud akamwandikia barua rafiki yake Binswanger aliyekuwa amefiwa na mtoto, akamwambia ule uchungu mkali unapungua ila pengo halizibiki, na hata likizibwa, kilichoziba kinabaki kuwa kitu kingine. Aliiandika siku ambayo Sophie angetimiza miaka 36. Mleta mada umeona hapo? Miaka tisa imepita na baba wa watu bado anahesabu umri wa mwanae. Hesabu yako wewe ni ileile.

Tangu 1996 kuna watafiti, Klass na wenzake, walioonyesha kwamba watu wengi hawakati uhusiano na marehemu, wanaubadilisha tu namna, wanaongea nao, wanawauliza ushauri, na bado wanafanya kazi na kulea watoto vizuri tu. Wengine wa Uholanzi, Stroebe na Schut, mwaka 1999 wakasema mfiwa anakwenda na kurudi, mara yuko kwenye msiba wake, mara yuko kwenye kuendesha maisha, na kote kuwili anahitaji kuwepo.

Lakini nisiseme kila kitu ni sawa. Orodha ya magonjwa ya WHO iliyoanza kutumika 2022 inatambua huzuni iliyorefuka kama ugonjwa. Ni ile ya kila siku, imezidi miezi sita na imepita kiasi cha kawaida cha jamii yako, na imekuzuia kufanya kazi, kuhudumia nyumba, kukaa na watu. Sijaiona kwako dada, wewe umeandika kama mtu anayeishi na kufikiri. Ila anayesoma hapa akijiona ndani ya hayo maneno atafute msaada wa kitabibu, na akiwa anatamani kumfuata marehemu basi aongee na mtu leo leo.

Mzee_wa_Hoja

Marahaba mwanangu. Kulia sikukatazi mtu. Mimi nilimzika mke wangu nikabaki na watoto wadogo, ningekaa kwenye kulia wasingekula, ndo maana huwa nasema maisha yasonge. Hiyo ya kwenda na kurudi nimeielewa maana ndo ninavyoishi, mchana niko na wao, usiku namweleza mama yao habari zao. Sikujua ina jina. Binti, pole.

jirani_mwema

Msomi mmoja Mkenya, John Mbiti, aliandika mwaka 1969 kwamba marehemu bado yuko karibu maadamu kuna mtu hai aliyemjua kwa macho na anamtaja kwa jina. Kwahiyo wewe, mama yako, mjane wake kama yupo, rafiki zake, nyie ndo mnaomshikilia. Mtoto akiuliza huyu nani usimjibu "mjomba wako" ukanyamaza. Mwambie alivyokuwa anakatisha jina lako, mwigizie kabisa.

mdogo_wake

Nimesoma zote na nimelia ila kilio cha kupumua. Shikamoo mzee, asante, hicho cha usiku ulichosema nitamsomea mama.

Bahari_Tulivu umenigusa pabaya maana nilikuwa sijawahi kufikiria kwamba alikuwa kijana. Alikuwa ananilipia nauli za chuo na mimi namlalamikia anachelewa kutuma. Alikuwa na umri ninaotoka mimi sasa hivi, na mimi mwenyewe nimechoka.

kalamu_nyeusi, nimempigia wifi leo. Amesema ile simu yake ya kwenye picha anayo kabatini, ilizima siku nyingi haiwaki, na anakumbuka kaka alikuwa anapenda kujirekodi akiimba. Mimi nilitaka kununua chaja niichomeke nione, unashaurije?

kalamu_nyeusi

Usiichomeke kwanza. Fungua mfuniko wa nyuma uangalie betri, kama imevimba itoe na usiirudishe. Halafu angalia kama kuna memori kadi pembeni ya laini, nyingi za aina hiyo zilikuwa nayo, itoe uisome kwenye kompyuta kwa kadi rida, hiyo haihitaji simu iwake kabisa. Rekodi tafuta kwenye folda za sauti na sio za muziki tu, majina yatakuwa ni namba namba, kwahiyo sikiliza moja moja.

Kama kadi haipo basi mpeleke wifi kwa fundi mnayemwamini na mkae hapohapo akifanya. Mwambieni kabla hajagusa: shida sio simu iwake, shida ni vilivyomo, asije akaiflashi, yaani kuifuta na kuiwekea programu upya. Ukipata chochote tuambie.