Tiketi 30,000 kumwona mzimu ambaye hata Ruth anamwona?! UZI WA MALALAMIKO

Wadau wa maigizo Kampala, hili la wikendi hii halinyamaziki. Ukumbi umebandika mabango ya Blithe Spirit, mchezo wa kuchekesha wa Mwingereza Noël Coward, mji mzima, umeuza tiketi kwa shilingi 30,000, halafu umetuletea kitu kingine kabisa. Naandika kwa mwongozaji, kwa meneja wa jukwaa, na kwa kikundi chochote kinachowaza kuuigiza mchezo huu.

Kosa kubwa ni hili. Elvira, mke wa kwanza wa Charles aliyekwisha kufa, anarudi kama mzimu, na karibu mchezo mzima anaonwa na Charles peke yake. Sisi tuliokaa vitini tunamwona, Ruth, mke wa pili wa Charles, hamwoni wala hamsikii. Charles akimfokea Elvira, Ruth anadhani anafokewa yeye, na kicheko chote kinatoka hapo. Sasa Ruth wetu alikuwa akimpisha Elvira njia! Elvira akisogea, jicho linamfuata! Kuna mahali Elvira anabeba chombo cha maua ili Ruth aamini kwamba kweli kuna mzimu chumbani. Hapo Ruth alimkazia Elvira uso. Macho yake yalitakiwa yafuate chombo, tena yachelewe kidogo, kwa kuwa anachokiona ni maua yanayopita hewani yenyewe. Dawa ipo. Ruth na Charles wafanye mazoezi ya sehemu hiyo Elvira akiwa hayupo kabisa, mpaka Ruth azoee chumba kitupu. Kisha apewe kitu cha kutazama nyuma ya pale Elvira atakaposimama: kitasa cha mlango, pembe ya picha, chochote. Asipopewa, jicho litamrudia mtu tu, hakuna mwigizaji anayeweza kulizuia kwa nia peke yake.

Halafu Edith! Nani aliamua kumtoa mfanyakazi wa ndani? Mchezo una watu saba tu, na huyu anayeonekana mdogo kuliko wote ndiye aliyeita mizimu bila kujijua. Madame Arcati, mwanamke aliyealikwa kuita mizimu, huligundua hilo karibu na mwisho, na ndipo fumbo linapofunguka. Mmemfuta, mkamfanya Arcati apige kelele na kuzirai, mizimu ikaondoka bila sababu. Watu walitoka nje wakiulizana kilichotokea, na walikuwa na haki.

Na Arcati mwenyewe si tapeli. Kumvika lubugo, ile nguo ya gome la mti, na kumpa kibuyu sina ugomvi nako, watazamaji wetu wanajua kupandisha mizimu kuliko hata Waingereza. Lakini lazima aiamini kazi yake kwa dhati, kama fundi. Yeye akianza kuwakonyeza watazamaji, anayechekesha ni mwigizaji, Arcati hayupo tena.

Vifaa sasa. Mshipi wa nailoni mweupe unang'aa ukipigwa na taa, sote tuliuona ukivuta chombo kutoka kushoto. Tumieni uzi mweusi usiong'aa, au bora zaidi acheni uzi: toboeni tundu ukutani nyuma ya rafu, mtu asimame huko na fito, asukume sehemu ya juu ya chombo. Ukisukuma chini kinateleza, ukisukuma juu kinapinduka. Picha itundikwe kwa msumari mrefu unaopenya ukuta wa jukwaa hadi nyuma, bila kugongewa. Ukichomolewa tu, picha inaanguka. Hii ni kazi ya seremala wa mchana mmoja, ila mwisho wa mchezo unategemea vifaa hivyo: Ruth naye amekwisha kufa, Charles anawaaga wake zake wawili wasioonekana, na chumba kinaanza kuvunjika. Sisi tulipata picha moja iliyopinda. Pazia likafungwa!

Taa: gauni la kijivu la Elvira chini ya taa za manjano lilionekana la kahawia. Mzimu unataka mwanga baridi, wa bluu iliyochanganyika na kijani kidogo, umfuate yeye tu, wengine wabaki kwenye mwanga wa kawaida wa sebuleni.

Umeme ulipokatika, jenereta iliwaka haraka, hilo nawapongeza. Lakini mashine ya kuongoza taa ilijizima ikarudi bila mpangilio wake, giza la kuita mizimu likaja wakati wahusika wanakunywa kahawa. Ifungieni betri ya akiba, ile ile ya kompyuta za ofisini, inatosha kuvuka hizo sekunde.

Msituambie Kampala haina uwezo. Huu ni mji wa waandishi wetu wa maigizo Byron Kawadwa na Robert Serumaga. Na mchezo huu ulifika London mwaka 1941, katikati ya vita, ukaonyeshwa huko mara 1,997.

Maonyesho mawili yamebaki. Edith arudishwe, maneno yake ni machache, anayajifunza kwa siku moja. Ruth afanyiwe mazoezi upya. Na sisi wenye vipande vya tiketi za Ijumaa tuingie bure.