Mjadala: Mastodon inakimbiwa kwa sababu haikupi mapendekezo?

MLETA MADA
Wakuu, naomba tulijadili hili kwa hoja. Elon Musk alipoinunua Twitter Oktoba 2022, watu walimiminika Mastodon, mtandao wa kijamii unaoundwa na seva nyingi (kompyuta zinazohifadhi akaunti) zinazojitegemea lakini zinawasiliana, hadi watumiaji hai kwa mwezi wakapita milioni 2. Kufikia miezi ya mwanzo ya 2023, mamia ya maelfu walikuwa wameshaondoka.

Watetezi wake husema walioondoka walizoea kutafuniwa. Nakataa. Mgeni wa wakati ule alitakiwa achague seva kwanza, kabla hajasoma chochote, na majina ya seva zenyewe hayajui. Akiingia anakuta ukurasa mtupu, maana unaonyesha unaowafuata tu na yeye bado hajamfuata mtu. Anatafuta #Kiswahili. Hapo ndipo penye shida yenyewe: seva yake inaonyesha posti zilizokwisha kuifikia tu, na posti huifikia hasa pale mtu wa humo anapomfuata mwandishi. Kwenye seva ndogo ya Ujerumani isiyo na anayemfuata Mswahili yeyote, ataondoka akiamini Waswahili hawamo, kumbe wako seva nyingine wanapiga soga. Anayesoma Kiingereza hakosi cha kusoma popote atakapoangukia. Sisi tunakosa.

Bluesky, mtandao mwingine unaofanana na Twitter, wameruhusu mtu yeyote atengeneze mkondo wake wa posti, na wengine wauchague au wauache. Juni 2024 wakaongeza orodha za kuanzia: unabonyeza mara moja, unawafuata watu kadhaa wa fani yako. Mwisho wa Agosti 2024 mahakama ya Brazili ilipoifungia X (jina jipya la Twitter), Wabrazili kwa mamilioni walihamia huko. Msimamo wangu: ubaya wa algorithimu, yaani kanuni ya kompyuta inayokuchagulia posti za kuona, ni kulazimishwa moja usiyoweza kuibadili. Ukipewa uchaguzi, ni msaada mkubwa.

MCHANGIAJI
Mkuu, unasahau watu walikimbia nini kule Twitter. Ukishaweka kipimo cha kinachovuma, watu wataandika ili wavume, na ugomvi ndio huvuma haraka. Hata mikondo ya kuchagua, wengi watabaki na ile waliyoikuta. Halafu hiyo Bluesky unayoisifia, karibu akaunti zote ziko kwenye seva za kampuni moja, na kampuni imechukua fedha za wawekezaji. Siku wakidai faida yao, utaniambia. Mastodon inaendeshwa bila kutafuta faida. Tuliobaki tunaongea kwa heshima, na inatosha.

MLETA MADA
Hilo la wawekezaji nakuunga mkono, ni hatari ya kweli, na ndiyo maana natamani Mastodon ishinde. Ila "inatosha" ni kwa nyinyi mliokwisha kupatana. Mei 2025 X ilipofungiwa Tanzania, watu walitafuta VPN (programu ya kukwepa kufungiwa) wakarudi palepale. Mastodon ipo tangu 2016, imetawanyika kwenye maelfu ya seva, na kuizima yote kwa amri moja ni kazi ngumu. Ilikuwa nafasi yake, wala haikutajwa sana mitaani. Naomba unijibu kwa vitendo: mtu wa Mbeya aliyefungua akaunti wiki ile, bila kumjua yeyote humo, angempataje mwenzake wa kwanza wa kuongea naye?