Ushauri: Golf R na Civic Type R, lipi linachomoka zaidi kwenye mstari ulionyooka?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Naomba ushauri kuhusu jambo ambalo limenisumbua kwa wiki kadhaa sasa. Nakusudia kununua gari moja kati ya mawili: Volkswagen Golf R ya kizazi cha nane, iliyotambulishwa mwaka 2020, au Honda Civic Type R iliyotambulishwa mwaka 2022. Nilipoyasoma maelezo ya watengenezaji nilitarajia yalingane, kwa kuwa yote mawili yana injini ya lita 2 yenye tabo (kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi), na kila moja hutoa nguvu ya mzunguko ya Nm 420. Tena Civic ina nguvu farasi 329 dhidi ya 320 za Golf, na ni nyepesi zaidi. Hata hivyo, Golf ya otomatiki imeandikiwa sekunde 4.7 kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa, ilhali Civic imeandikiwa 5.4. Shemeji yangu, ambaye haambiliki linapokuja suala la Golf, anasema hapo mjadala umefungwa. Mimi sijaridhika. Inawezekanaje gari lenye nguvu zaidi na uzito mdogo liachwe kwa sekunde 0.7?

Fundi Mstaafu:
Ndugu, jibu liko kwenye tairi kabla halijafika kwenye injini. Civic husukumwa na magurudumu ya mbele pekee, na Golf R husukumwa na yote manne. Gari linapochomoka, uzito wake huegemea nyuma, kwa hiyo magurudumu ya mbele hupungukiwa na mgandamizo wakati uleule yanapouhitaji zaidi. Tuchukue mfano wa gari lolote la magurudumu ya mbele ambalo asilimia 60 ya uzito wake iko mbele likiwa limesimama, na tairi zake zina mshiko mzuri wa lami kavu: ukikokotoa pamoja na huko kuegemea nyuma, utakuta kwamba mchapuko wake, yaani kiasi mwendo unavyoongezeka kila sekunde, hauwezi kuzidi sana nusu ya ule wa kitu kinachoanguka, yaani takriban mita 5 kwa sekunde kwa kila sekunde. Sasa gawanya kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 5.4 za Civic. Utapata mita 5.1. Kwa maneno mengine, Civic inatumia karibu mshiko wote ilionao.

Injini yenyewe ina uwezo wa zaidi ya hapo. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ikiwa karibu na kilele cha nguvu zake katika gia ya kwanza, ingeweza kudai mchapuko wa zaidi ya mita 11, ukipuuza kinachopotea njiani, na hakuna tairi mbili za kawaida zinazoweza kuubeba. Ndiyo maana ukikanyaga mafuta yote, tairi huzunguka bure. Hizo nguvu farasi tisa za ziada hazina kazi pale mwanzoni.

Mpenda Breki:
Chukua Golf. Namba zimekwisha kusema.

Gia ya Sita:
Naheshimu maoni ya Mpenda Breki, lakini namba hizo zimechanganya mambo mawili, mshiko na giaboksi. Golf inayopata sekunde 4.7 ina otomatiki ya klachi mbili yenye gia saba, ambayo huiandaa gia inayofuata kabla ya kuiacha iliyopo, hivyo msukumo haukatiki. Tena ina mfumo wa kuondokea unaoshikilia mzunguko wa injini na kuachia klachi kwa kipimo kilekile kila mara. Civic Type R huuzwa kwa gia sita za mkono tu, na kila unapobadilisha gia kuna sehemu ya sekunde ambayo gari linaambaa bila kusukumwa, hata dereva awe hodari kiasi gani. Huko Marekani Golf R ya kizazi hiki iliuzwa pia na gia za mkono. Anayetaka kutenganisha faida ya magurudumu manne na faida ya giaboksi angelinganisha Civic na hiyo.

Angalizo dogo kuhusu uzito: vipimo vya Ulaya huhesabu dereva wa kilo 75, na vipimo vya kwingine humwacha nje, kwa hiyo usilinganishe uzito wa brosha mbili kabla ya kujua kila moja imepimwaje. Hata muda wenyewe hupimwa kwa njia tofauti. Magazeti mengi ya magari ya Marekani huanza kuhesabu baada ya gari kusogea futi moja ya kwanza, jambo linalopunguza takriban sekunde 0.2 au 0.3.

Mleta mada:
Nawashukuru sana, hasa Fundi kwa hesabu. Swali langu la pili: hizo sekunde 0.7 zinaonekanaje barabarani? Na je, pengo hilo linabaki vilevile ikiwa magari hayaanzi yakiwa yamesimama? Nauliza kwa sababu mimi huenda kwenye kiwanja cha mashindano mara chache, na huko huwa tunaanza tukiwa tayari kwenye mwendo wa kilomita 60 au 80.

Fundi Mstaafu:
Tukikadiria kwa mchapuko usiobadilika, Golf inapofika kilomita 100 kwa saa, Civic iko kwenye 87 hivi, na pengo kati yao ni kama mita nane na nusu, takriban urefu wa magari mawili. Sehemu kubwa ya faida hiyo chanzo chake ni sekunde za mwanzo. Mkianzia kilomita 80 mkiwa tayari kwenye gia sahihi, tatizo la mshiko linapungua sana, na hapo uzito mdogo wa Civic unaanza kuwa na maana. Golf itabaki na faida ya kubadilisha gia, kwa hiyo sikuahidi kwamba utamshinda shemeji yako, ila hatakuacha kama anavyokuacha kwenye taa ya kijani.

Mkipima robo maili, yaani mita 402, msiandike muda peke yake. Andikeni pia mwendo wa kuvukia mstari wa mwisho. Muda huathiriwa mno na namna gari lilivyoondoka, ilhali mwendo wa mwisho huonyesha zaidi nguvu ikilinganishwa na uzito. Pimeni mkienda na mkirudi kiwanjani ili kuondoa athari ya upepo na mteremko, na acheni injini ipoe kati ya mbio, kwa sababu hewa ikiingia kwenye tabo ikiwa moto, nguvu hushuka na mtalaumu gari bure.

Mleta mada:
Nimeelewa. Nitachukua Civic, kwa kuwa napenda gia za mkono na sina haja ya kushinda mita hamsini za kwanza. Shemeji tumekubaliana tukutane kiwanjani: mbio tatu kutoka kusimama, ambazo namwachia tangu sasa, na tatu kuanzia kilomita 80. Matokeo ya hizo tatu za mwisho nitayaleta hapa, pamoja na mwendo wa kuvukia mstari.