Kibodi inanata na imejaa uchafu, naisafishaje bila kuiharibu?

Mwandishi_Usiku: Wakuu habari zenu. Naomba msaada. Kibodi ya kompyuta yangu ya mezani ina miaka 3 na sijawahi kuisafisha zaidi ya kuifuta juu juu. Wiki iliyopita mtoto aliimwagia soda upande wa kulia. Niliichomoa, nikaipindua, nikaikung'uta na kuifuta, ikaendelea kufanya kazi. Sasa L na M zinanata. Nikibonyeza M inabaki chini, naona mmmmmmmm mstari mzima. Nikimulika tochi katikati ya vitufe naona nywele, makombo na vumbi lililoshikana kama sufi. Kuna mtu kaniambia niiloweke kwenye beseni la maji ya sabuni kisha niianike juani. Naogopa, hicho ndicho kitendea kazi changu cha kila siku.

FundiMpole: Mkuu, beseni liweke pembeni kwanza. Ni kibodi ya waya au ya laptopu? Na ukibonyeza vitufe, vinalia "tak tak" au ni laini?

Mwandishi_Usiku: Ya waya, laini, haina kelele.

FundiMpole: Basi ndani ina tandiko la mpira, na chini yake karatasi mbili za plastiki zenye mistari inayopitisha umeme. Ukibonyeza, karatasi zinagusana na herufi inatokea. Maji yakipenya katikati ya karatasi hizo yananaswa humo, unaweza kuianika siku nzima na bado yapo. Ndiyo maana siungi mkono kuiloweka nzima.

Fanya hivi. Chomoa waya, igeuze, igongegonge mgongoni taratibu makombo yadondoke. Piga picha ya mpangilio wa vitufe, usiidharau hatua hii. Kisha ng'oa vitufe vya sehemu iliyomwagikiwa kwa kitu bapa cha plastiki, ukinyanyua wima na polepole. Space, Enter na Shift viache kama havinati, maana kwa kawaida vina kijiwaya chini na kukirudisha kunahitaji subira. Vitufe vilivyotoka vioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza, viache vikauke usiku kucha. Hivyo havina umeme, havidhuriki.

Sukari iliyobaki kwenye fremu ndiyo adui wako. Chukua pamba ya masikio, ichovye kwenye spiriti ya isopropili ya 70% au zaidi, ikamue isidondoke, halafu sugua kuzunguka tundu la M. Ikitoka ya kahawia, chukua nyingine. Rudia mpaka pamba itoke safi.

Mama_Vifaa: Naongezea hapo kwenye spiriti: sanitaiza ya mikono siyo mbadala. Nyingi zina vilainishi vya ngozi, spiriti ikishakauka vinabaki na kunata upya. Na tafadhali usiguse kibodi kwa dawa ya kuondolea rangi ya kucha yenye asetoni. Inayeyusha plastiki ya vitufe vingi. Niliwahi kujaribu kwenye kitufe kimoja, kikawa na ukungu mweupe ambao haukutoka tena.

Kijana_wa_Kodi: Na sisi wa laptopu?

FundiMpole: Ya laptopu usiing'oe vitufe, ndugu yangu. Vimeshikwa na vijimkasi vyembamba vya plastiki, kimoja kikikatika kitufe hakikai tena. Zima kabisa (kufunga kifuniko siyo kuzima), chomoa chaja, iinamishe, kisha pulizia hewa ya kopo (ile iliyoshindiliwa, ya kupulizia vumbi kwenye vifaa) kwa vipindi vifupi. Kopo lisimame wima. Ukiliinamisha au kulitikisa linatema kimiminika baridi mno. Kufuta, lowesha kitambaa kidogo, kamwe usinyunyizie kibodi yenyewe, kwa sababu chini yake kuna bodi ya mashine nzima. Ikimwagikiwa sana, izime papo hapo na umpelekee fundi aifungue.

Mwandishi_Usiku: Na kuianika juani je? Au mashine ya kukaushia nywele?

Mama_Vifaa: Vyote hapana, dada au kaka. Joto linapinda plastiki. Iache chumbani penye hewa, imeegemea ukuta, saa 24. Ukiichomeka ingali na unyevu ndani unaweza kuipoteza kabisa.

Mwandishi_Usiku: Wakuu, nimerudi. Pamba 11 zimeisha kwa M peke yake! Chini ya L kulikuwa na utando kama asali iliyoganda. Nimesubiri tangu jana asubuhi, nimechomeka leo mchana, zote mbili zinarudi juu vizuri. Ila nilijitia kung'oa Space, sasa upande mmoja umelala.

FundiMpole: Kijiwaya hakijaingia kwenye kulabu zake. Ng'oa kitufe tena, ingiza waya kwenye kulabu za fremu kwanza, ndipo ubonyeze kitufe katikati mpaka usikie "tik".

Mwandishi_Usiku: Imelia. Asanteni sana, ujumbe huu nauandika kwa hiyo hiyo.