Eva Cassidy na Live at Blues Alley: ni nini kinachozishikilia nyimbo za aina nyingi katika albamu moja?

MwalimuWaKwaya

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kwa miezi miwili sasa nimekuwa nikiisikiliza albamu ya mwimbaji wa Marekani Eva Cassidy iitwayo Live at Blues Alley, iliyorekodiwa Januari 1996 katika Blues Alley, kilabu cha jazi kilichoko Georgetown, Washington, na kadiri ninavyoirudia ndivyo swali langu linavyozidi kunisumbua. Wimbo wa kwanza ni Cheek to Cheek wa Irving Berlin, wimbo wa mwaka 1935 wenye madaha ya kumbi za dansi. Wa pili ni Stormy Monday, bluzi ya T-Bone Walker. Wa tatu ni Bridge over Troubled Water, ambao Cassidy anauimba kana kwamba amesimama mbele ya madhabahu. Baada ya hapo anapita kwa Billie Holiday, Curtis Mayfield, Buffy Sainte-Marie, Sting, hata Al Green, na mimi msikilizaji sioni mahali popote ambapo nimehamishwa kutoka nyumba moja kwenda nyingine.

Nauliza kwa sababu jambo hili linanihusu. Ninafundisha kwaya mkoani Tanga, nasi tunakusudia kurekodi onesho letu la kwanza mbele ya hadhira. Tunaimba tenzi za kale, nyimbo zenye mahadhi ya Kisambaa, na mapambio ya siku hizi. Mtayarishaji mmoja tuliyemwendea alitushauri tuchague aina moja tu, akisema kwamba msikilizaji hatajua atuweke wapi. Je, albamu ya Cassidy inashikiliwa na sauti yake peke yake, au kuna kitu ambacho watu wa kawaida kama sisi tunaweza kujifunza?

FundiWaSauti

Mwalimu, salaam. Nitajibu kwa upande ninaoufahamu, yaani mitambo.

Nyimbo zile zilipigwa na wanamuziki walewale: Chris Biondo kwenye gitaa la besi, Keith Grimes kwenye gitaa, Lenny Williams kwenye piano, Raice McLeod kwenye dramu, na Cassidy mwenyewe akiwa na gitaa lake. Biondo hakuwa mpiga besi tu. Alikuwa na studio huko Maryland, na alikuwa amemrekodi Cassidy kwa miaka kadhaa kabla ya usiku ule, kwa hiyo aliijua sauti yake jinsi fundi cherehani anavyoujua mwili wa mteja wa siku nyingi. Waimbaji wengi wanaochanganya mitindo hubadilisha kila kitu pamoja na mtindo, ala mpya, studio mpya, mtayarishaji mpya, na hapo ndipo albamu inapopasuka vipande. Hapa chumba ni kimoja na vipaza sauti ni vilevile. Sikio linakizoea chumba kabla halijaanza kuuliza huu ni muziki wa aina gani.

Tena inafaa ujue kwamba walipanga kurekodi usiku wa tarehe 2 na wa tarehe 3 Januari. Usiku wa kwanza uliharibiwa na hitilafu ya kiufundi, ikabidi albamu ya jukwaani itegemee usiku wa pili. Wimbo wa mwisho tu, Oh, Had I a Golden Thread, ndio uliotoka studioni. Kwa hiyo ninakusihi, Mwalimu: kodi ukumbi kwa siku mbili hata kama mfuko unalalamika, urekodi kila kipaza sauti katika njia yake, na utenge viwili kwa ajili ya hadhira peke yake. Makofi yanayookotwa kwa mbali na kipaza sauti cha mwimbaji husikika kama mvua juu ya bati.

MzeeWaSanturi

Ninaheshimu maelezo ya Fundi, lakini siamini kwamba chumba kinatosha. Nimesikiliza santuri nyingi zilizorekodiwa katika ukumbi mmoja kwa usiku mmoja, na bado zilinipa sura ya mtu anayebadilisha kanzu nyuma ya pazia.

Sikiliza anavyolitendea neno. Katika Autumn Leaves, wimbo uliozaliwa Ufaransa kwa muziki wa Joseph Kosma, anaimba polepole kiasi kwamba kila mstari unafika ukingoni mwa kimya kabla ule unaofuata haujaanza, na bado hakuna silabi inayoanguka. Katika Stormy Monday anafungua kifua na kupaza sauti, lakini namna ya kulifikia neno ni ileile: analianza kwa upole, analiacha likue, kisha analiachia kabla halijachoka. Hilo ndilo ninaloliita sauti yake, wala si ukubwa wa koo. Mwimbaji anayejua anachotaka kusema anaweza kupita katika bluzi, injili na nyimbo za kiasili bila kuiga lafudhi ya mtu yeyote.

Kuhusu ushauri mliopewa na yule mtayarishaji, Mwalimu, Cassidy aliambiwa maneno hayohayo. Kampuni kubwa za santuri zilimsikiliza, zikaipenda sauti, kisha zikasita kwa kuwa hazikujua zimuuze katika rafu ipi. Mwaka 1992 alikuwa ametoa albamu pamoja na Chuck Brown, baba wa muziki wa go-go wa Washington, lakini hilo nalo halikumfungulia mlango. Hata kuhusu Blues Alley hakuwa na furaha. Alikuwa na mafua na hakuipenda sauti yake ya usiku ule. Albamu ilitoka mwaka huohuo wa 1996, na tarehe 2 Novemba akafariki kwa saratani ya ngozi akiwa na miaka 33.

Umaarufu ulikuja baadaye, kutoka ng'ambo ya bahari. Mtangazaji Terry Wogan alizicheza nyimbo zake katika BBC Radio 2 ya Uingereza, kisha televisheni ya BBC ikaonyesha mkanda wa kamera ndogo ya mkononi uliopigwa Blues Alley, akiimba Over the Rainbow na gitaa lake. Mwaka 2001 mkusanyiko uitwao Songbird, wenye baadhi ya nyimbo za usiku ule, ukashika nafasi ya kwanza Uingereza. Wasikilizaji hawakuhitaji kuambiwa wamweke wapi. Kila nikilifikiria jambo hili roho inaniuma.

BintiKisauni

Shikamoo Mzee, na salaam kwa wote. Ninaipenda albamu hii, lakini tusimfundishe Mwalimu kwamba kila kitu ndani yake kina uzito sawa. Katika Honeysuckle Rose na Blue Skies ninasikia mwimbaji hodari anayefurahia mdundo, basi. Maneno hayamgusi kama yanavyomgusa katika Fields of Gold. Kumudu mitindo mingi si sawa na kuwa na jambo la kusema katika kila mtindo.

Jambo ambalo halijatajwa ni mpangilio. Katikati ya albamu, baada ya Blue Skies, zinafuatana nyimbo tatu za utulivu: Tall Trees in Georgia, Fields of Gold na Autumn Leaves. Kelele za bendi zinashuka, gitaa lake linasogea mbele, na kwa zaidi ya dakika kumi msikilizaji anabaki naye tu. Kwangu mimi huo ndio mkuku wa jahazi lote. Ukishakaa naye pale, Take Me to the River inaweza kuja na vishindo vyake vyote na usipotee, kwa sababu umeshamjua anayeimba. Na kumbuka kwamba usiku ule ziliimbwa nyimbo nyingi kuliko zilizomo katika albamu ile, kama albamu ya Nightbird iliyotolewa mwaka 2015 inavyoonyesha. Kuna nyimbo zilizoachwa nje. Mwalimu, mko tayari kuacha nyimbo nje?

MwalimuWaKwaya

Ninawashukuru nyote kwa moyo. Swali la Binti limenikuta mahali penyewe, kwa sababu orodha yetu ina nyimbo 19 na kila mwanakwaya ana wake asiotaka uguswe. Jana jioni tuliziimba zote kwa mfululizo, nami nikaketi nyuma ya ukumbi nikiwa nimefumba macho. Mapambio mawili tuliyajifunza kwa sababu yanapendwa redioni, na yalisikika hivyo. Hayo tutayaacha. Katikati tutaweka tenzi mbili na wimbo mmoja wa Kisambaa wa kubembelezea mtoto, zote bila kinanda.

Fundi, naomba msaada mmoja zaidi. Wimbo huo wa kubembelezea huanzishwa na mama mmoja ambaye sauti yake ni ndogo sana, na sitaki kumlazimisha apaze. Nimpe kipaza sauti chake mwenyewe?

FundiWaSauti

Mpe, na kikae karibu na kinywa chake, kiasi cha upana wa kiganja, kikiwa kimeinamishwa kidogo pembeni ili pumzi isikipige moja kwa moja. Wengine wasimame nyuma yake hatua mbili. Mwambie aimbe kana kwamba mtoto yuko mapajani; kazi ya kuifikisha sauti nyuma ya ukumbi ni yetu sisi wa mitambo.