Mafundi wa fimbo za pool, mnatusagia feruli zetu kwa ruhusa ya nani?

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimetoka kuchukua fimbo yangu kwa mtu anayejiita fundi na hasira bado iko kooni. Kazi niliyompa ilikuwa moja tu: toa tipu (ile ngozi ya kwenye ncha inayogonga mpira) iliyokwisha, bandika mpya. Fimbo ilikwenda ikiwa na milimita 13 pale mbele, imerudi na 12.6. Ukipitisha kidole kwenye mbao kwenda kwenye feruli (kile kipete kilicho kati ya mbao na tipu) unakuta ngazi pale msasa ulipoanzia. Tipu aliyobandika ilikuwa pana kuliko feruli, kama zilivyo tipu mpya nyingi, na badala ya kuipunguza hiyo tipu yenyewe akashika msasa akazungushia kila kitu kwa mpigo mmoja, ngozi, feruli na mbao, mpaka vikalingana. Namuuliza, ananijibu, "Mbona imekaa vizuri?"

Imekaa vizuri wapi? Tipu ni kitu cha kuisha, tunaibadilisha kila ikichoka. Feruli haiishi hivyo. Kile kipete kimewekwa pale kuzuia mbao zisipasuke kila unapogonga, na kikitunzwa kinapitiwa na tipu nyingi. Sasa kila badiliko la tipu likila sehemu ya milimita, baada ya muda una fimbo nyingine kabisa mkononi, na tipu ulizozizoea hazikai tena juu yake.

Na kazi yenyewe si ngumu hata kidogo! Asiye na mashine ya kukereza anasimamisha fimbo, tipu ikiwa chini juu ya kibao, anakata ngozi iliyozidi kwa wembe mkali kidogo kidogo, anaviringisha utepe wa karatasi kwenye feruli, ndipo anamalizia kwa msasa laini kwenye ngozi peke yake. Kisha analowesha ubavu wa tipu kidogo na kuusugua ung'ae na kukaza, ili usitanuke haraka ukawa kama uyoga. Huyu wangu hakufanya hata moja.

Halafu gundi. Nimeing'oa ile tipu (ilitoka kirahisi mno, hilo nalo ni jibu) nikakuta uso wa feruli una mabaki ya gundi ya zamani na umeinama upande. Alijaza gundi kwenye uwazi akaenda zake. Uso wa feruli unatakiwa uwe safi na bapa, na chini ya tipu pakwaruzwe, vishikane vyote bila nafasi. Gundi si ya kuziba mashimo. Ndiyo maana kila nikigonga kwa nguvu nasikia mlio wa kufa, paf, badala ya ule mkavu tunaoujua.

Wauzaji nao msijifiche, maana yule fundi ndiye aliyeniuzia hiyo tipu pia. Kwenye boksi la tipu ugumu umeandikwa "wastani". Wastani wa nani? Hakuna kipimo kimoja ambacho watengenezaji wote wanakifuata. Wastani wa kampuni hii unaweza kuwa mgumu kuliko "ngumu" ya kampuni nyingine, na hata ndani ya boksi moja ngozi hazilingani, hasa zile za kipande kimoja kilichoshindiliwa. Za tabaka, yaani ngozi nyembamba kadhaa zilizobandikwa pamoja, zinafanana zaidi kidogo, ndiyo maana watu wanakubali kuzilipia. Lakini muuzaji anakutazama usoni anakwambia chukua laini itakupa spini nyingi, yaani mpira utazunguka sana.

Jamani. Spini inatokana na umbali wa pale unapogonga kutoka katikati ya mpira, na chaki inayoishika tipu isiteleze. Mpira wa pool una kipenyo cha milimita 57.15. Ukigonga zaidi ya kama milimita 14 kutoka katikati utateleza, tipu iwe laini au ngumu. Tofauti ya kweli ni hii: laini inashika chaki vizuri lakini inabonyea na kutanuka mapema, ngumu inatunza umbo ila uso wake unakuwa na utelezi na lazima uukwaruze mara kwa mara. Zaidi ya hapo ni sikio na mkono wako unapenda nini. Na kuna anayewauzia watu wanaoanza tipu za resini ya fenoli (plastiki ngumu) kwa mchezo wa kawaida. Hizo ni za fimbo za kufungulia (mpigo wa kwanza wa mchezo) na za kurushia mpira juu ya mwingine, wewe unampa mtu anayejifunza kugonga pembeni?

Lililonimaliza kabisa ni pale fundi wangu aliposema, "Tukuwekee feruli ya shaba ya njano, haitasagika tena." Kwenye fimbo ya snuka yenye ncha ya milimita 9 au 10 sawa, mbao ni nyembamba na zinahitaji ulinzi huo. Kwenye fimbo yangu unaniongezea uzito mbele kabisa, na uzito wa mbele ndio unaosukuma mpira mweupe nje ya mstari ukigonga pembeni: gonga kulia, unaondoka ukiwa umekwenda kidogo kushoto. Ndiyo maana fimbo zinazotangazwa kwamba hazipotoshi mpira zina feruli fupi na nyepesi. Angenibadilishia shabaha yote kisha aniambie nifanye mazoezi.

Kwa hiyo mnaouza, andikeni kipenyo cha tipu, feruli imetengenezwa kwa nini na ina urefu gani. Kanuni za WPA, chama cha dunia cha pool, zenyewe zinataja vipimo: tipu isizidi milimita 14 kwa upana, feruli ya chuma isizidi inchi 1. Mtu akiuliza msimjibu "ni original mkuu".

Naomba msaada kwa mwenye fundi wa kweli, mwenye mashine ya kukereza, anayeweza kutengeneza feruli nyepesi kwa unene wa mbao ulivyo sasa bila kugusa mbao tena. Anitumie ujumbe. Wale wa msasa wa mkono, pumzikeni.